Joto Linakwenda Wapi?

Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa kilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi wa vitabu tunapenda kudhani kwamba habari za viyoyozi ni za mafundi na wenye maduka, hazituhusu. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa kinasumbuliwa na unyevu wa kiangazi. Karatasi zilivimba. Na kwa kuwa picha za rangi zilichapwa rangi moja baada ya nyingine, karatasi ikishavimba kidogo tu rangi ya pili haikai sawasawa juu ya ile ya kwanza. Mhandisi kijana aitwaye Willis Carrier akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili kuitoa unyevu. Karatasi zikatulia. Watu walikuja kufikiriwa baadaye.

Jambo la pili kuhusu mashine hii ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kiyoyozi hakizalishi ubaridi, kinahamisha joto. Kinalichukua chumbani, kinalibeba kwa gesi inayozunguka ndani ya mabomba, kisha kinalimwaga nje ya ukuta pamoja na joto la mota yake yenyewe. Ndiyo maana joto linalotupwa nje huwa ni kubwa kuliko lile lililotolewa ndani. Hiyo ni hesabu isiyokwepeka, hata mashine iwe ya bei gani.

Nenda Kariakoo saa nane mchana mwezi wa pili, pita vichochoro vya nyuma ya maghorofa. Zile mashine za nje zimebandikwa ukutani moja juu ya nyingine kama mizinga ya nyuki, zinatema hewa ya moto na kudondosha maji. Chini yake yuko mama lishe na masufuria yake. Huyo mama anapikwa pande mbili: jiko lake kwa chini, ofisi za watu kwa juu. Walioko ghorofani hawana ubaya naye wowote. Wengine hushuka kula kwake, humwita mama, hutania naye. Lakini joto lililowatoka wao limempata yeye, na hakuna aliyemuuliza.

Basi swali langu ni hili: je, ninayo haki ya ubaridi ambao gharama yake ni joto la mwenzangu?

Kuna jibu la haraka ambalo silipendi, nalo ni kusema kwamba ubaridi ni anasa, babu zetu waliishi bila kiyoyozi, tuvumilie. Anayesema hivyo mara nyingi anasemea kwenye chumba cha mikutano chenye baridi mpaka watu wamevaa makoti. Joto linaua. Linaua wazee, linaua watoto wachanga, linamtesa mama aliyejifungua kwenye wadi iliyoezekwa bati. Chanjo ikipata joto inaharibika. Samaki wa soko la Feri asipopata barafu, jasho lote la mvuvi linaishia kuwa chakula cha paka. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa hesabu inayosema kwamba kati ya watu bilioni 2.8 wanaoishi sehemu zenye joto kali zaidi duniani, asilimia 8 tu ndio walikuwa na kiyoyozi. Marekani na Japani walikuwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tatizo la dunia ni yule kijana wa Tandika aliyejinunulia kiyoyozi cha mtumba, nitamwomba arudie kusoma hizo namba.

Jibu la pili lina utamu wake, na sisi wa pwani tunalipenda mno. Ni lile la kurudi kwenye nyumba za zamani. Kweli, nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe ni darasa la ubaridi: kuta nene za matumbawe na chokaa, ua wa ndani unaovuta hewa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, vichochoro vinavyotiliana kivuli, baraza ya kupungia upepo wa jioni. Ukiingia ndani saa saba mchana unapokewa na ubaridi kabla mwenyeji hajakukaribisha.

Lakini tuulize swali lilelile. Joto la nyumba ile lilikwenda wapi? Mawe yale yalichimbwa na watu, chokaa ilichomwa na watu, boriti zilikatwa kwenye matope ya mikoko na watu, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa. Bwana alipumzika sebuleni na ubaridi wake. Aliyeujenga alilala kibandani. Sisemi hivyo ili tuzichukie nyumba zile. Nazipenda, na anayebomoa nyumba ya mawe ili apandishe boksi la vioo ananiudhi kweli. Nasema tu kwamba ubaridi ulikuwa na mtu wa kuulipia hata kabla ya umeme. India ya wakoloni walikuwa na kipepeo kikubwa cha kitambaa kilichoning'inizwa darini, kiitwacho pankha, na mtumishi aliketi nje usiku kucha akivuta kamba ili mzungu alale. Kila nikilisikia neno letu la pangaboi namsikia huyo mvuta kamba ndani yake. Mashine ilipokuja ilimpumzisha, na hilo ni jambo jema. Ila deni halikufutwa. Lilihamishiwa kwa watu ambao anayelala hawezi kuwaona.

Namna lilivyohamishwa ni hadithi ya gesi. Friji za mwanzo zilitumia gesi za sumu. Zikivuja zinaua watu ndani ya nyumba, na miaka ya 1920 ziliua. Mmarekani Thomas Midgley na wenzake wakapata gesi mpya, zile zilizokuja kuitwa CFC. Haziwaki, hazinuki, hazimdhuru anayezivuta. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipulizia mshumaa ukazimika. Maonyesho mazuri. (Ni Midgley huyuhuyu aliyetuletea risasi kwenye petroli. Kuna watu wana mkono mzito.) Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi zile, kwa kuwa hazina kinachozivunja huku chini, hupanda juu kabisa na kuila ozoni inayotukinga na jua. Mwaka 1985 wanasayansi Waingereza wakaliona pengo lenyewe juu ya Antaktika. Septemba 1987 mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal, na CFC zikaanza kuondolewa.

Kilichokuja mahali pake, baada ya hatua za kati, ni gesi za HFC. Hizi haziidhuru ozoni. Zina tabia nyingine: zinashika joto la dunia kwa nguvu ya kutisha. Gesi iitwayo R-410A, inayotumika sana kwenye viyoyozi vya majumbani, kilo moja yake ikitoka hewani ina uzito wa kilo zaidi ya 2,000 za hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Kwa lugha ya barabarani, ni kama kuchoma lita mia tisa hivi za petroli. Na kilo moja hivi ndiyo inayokaa ndani ya kiyoyozi cha kawaida cha chumbani.

Niliwahi kumwangalia fundi mmoja akifungua kiyoyozi kibovu. Ni mtu mzima, ananizidi miaka ishirini, na kazi anaijua. Akalegeza kokwa, gesi ikatoka fssss kwa muda mrefu.

"Mzee, hiyo inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Inakwenda juu, mwanangu. Haina harufu, hailipuki, haimuui mtu. Ingekuwa na shida si ningeshakufa zamani mimi?"

Nimeyafikiria sana maneno yale. Ni hoja ya Midgley na mshumaa wake, neno kwa neno, miaka karibu mia baadaye. Na si hoja ya mjinga. Maadili yetu karibu yote yamejengwa juu ya madhara yanayoonekana: ukimpiga mtu anaumia, ukimwibia anakosa. Jirani nimjuaye ni yule ambaye moshi wa jiko langu unamwingia machoni. Gesi ya mzee yule inamfikia mtu asiyemjua, pengine mkulima wa Sahel, pengine mtoto wa mjukuu wake mwenyewe, baada ya miaka mingi, ikiwa imechanganyika na gesi za mafundi wengine mamilioni. Hakuna anayeweza kusema hii ndiyo yako. Utamlaumuje mtu kwa hilo? Tena mashine ya kuinyonya gesi na kuihifadhi ni ghali, na mteja hataki kulipa hata shilingi ya nyongeza. Mteja wa siku ile, kwa taarifa yako, hakulipa.

Hapa ndipo ninapoona kazi ya mikataba ya kimataifa, kitu ambacho waandishi tunakidharau kwa sababu lugha yake haina ladha. Mkataba ni jaribio la kumfanya mtu wa mbali awe jirani kwa karatasi, maana kwa macho haiwezekani. Oktoba 2016 wajumbe wa nchi karibu 200 walikutana Kigali. Walibishana usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 15 wakakubaliana kuiongezea Itifaki ya Montreal kipengele cha kupunguza HFC. Marekebisho ya Kigali yalianza kufanya kazi Januari 1, 2019. Yakitekelezwa, yanatarajiwa kuiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne hii. Nusu nyuzi inasikika ndogo kwa asiyelala chini ya bati.

Kinachonivutia katika mkataba ule ni kwamba ulikubali kuwa watu hawalingani katika deni. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza kupunguza 2019 na kufikia asilimia 85 ifikapo 2036. Nchi nyingi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zilipewa hadi 2024 kusimama mahali zilipo, kisha kushuka polepole mpaka asilimia 80 ifikapo 2045. Na nchi kumi, zikiwemo India, Pakistani, Iraki, Omani na Falme za Kiarabu, zikapewa muda zaidi, 2028, kwa hoja kwamba joto lao ni kali mno na gesi mbadala zilikuwa bado hazijathibitika huko. Upo pia mfuko ulioanza tangu miaka ya 1990 ambao nchi tajiri huuchangia ili nchi nyingine ziweze kubadili viwanda na kufundisha mafundi. Hakuna aliyeambiwa asipoe. Waliambiwa wabadili gesi, kila mmoja kwa tarehe yake, na aliyetangulia kufaidi atangulie kulipa. Kwa mikataba ya dunia hii, huo ni uungwana.

Hata hivyo sikubali kupiga makofi mpaka mwisho. Kiwango ambacho nchi zetu zinatakiwa kushuka kutoka hapo kilihesabiwa kwa matumizi ya miaka 2020 hadi 2022, pamoja na sehemu ya matumizi ya zamani ya gesi zilizotangulia. Hebu fikiria. Nchi iliyokuwa na viwanda vingi na viyoyozi vingi miaka hiyo ilipimiwa sahani kubwa. Nchi ambayo watu wake walikuwa bado wanajipepea kwa kawa ilipimiwa sahani ndogo, na tena ndani ya miaka ya korona, biashara zimelala. Aliyekula kidogo akaandikiwa kidogo. Ndio, gesi mbadala zipo, hiyo ndiyo maana ya mkataba: R-290, kwa mfano, ni propani tu, ndugu yake gesi ya mtungi wa jikoni, na madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana ukilinganisha na R-410A. Lakini inawaka moto, inataka fundi aliyesomeshwa na vifaa vyake. Kwa hiyo sahani ndogo inavumilika ikiwa tu mfuko ule unamfikia mzee wangu wa fssss. Usipomfikia, tumemwomba maskini awe mwadilifu kwa gharama yake mwenyewe.

Na kuna biashara inayokwenda kinyume na yote haya: mashine zilizopitwa na wakati, zinazokula umeme na kubeba gesi za zamani, zinasukumiwa kwenye masoko ya Afrika kwa sababu kwingine haziruhusiwi tena kuuzwa. Ghana ilikataa. Tangu 2013 inazuia friji na viyoyozi vya mtumba bandarini. Wapo waliolalamika kwamba maskini amefungiwa mlango wa bei nafuu, na lalamiko hilo lina uzito. Bado naona Ghana walikuwa sahihi, kwa sababu mtumba wa kiyoyozi ni nafuu siku ya kuununua tu.

Gesi, hata hivyo, ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni umeme, na umeme unaamuliwa na jengo. Desemba 2023, kwenye mkutano wa hali ya hewa wa Dubai, mataifa zaidi ya sitini yaliahidi kupunguza uchafuzi unaotokana na upoozaji kwa angalau asilimia 68 ifikapo 2050 ukilinganisha na 2022. Dubai! Mji ambao mtaa wake wa kale una minara ya kunasa upepo, barjeel, na mji wake mpya una minara ya vioo iliyosimamishwa jangwani. Wanaojua nani huijenga minara ya namna hiyo ni wengi miongoni mwetu. Tunao ndugu Ghuba, wa Omani wa tangu enzi na wa juzi waliokwenda kwa mikataba ya kazi. Serikali za huko zimelazimika kupiga marufuku kazi za juani saa za mchana miezi ya kiangazi. Yaani ubaridi wa ndani na joto la nje vimegawanywa kwa aina ya kibali cha ukaazi.

Je, tunajenga tofauti sisi? Tazama majengo mapya ya miji yetu. Ukuta mzima kioo, umeelekea magharibi, madirisha hayafunguki. Jengo la namna hiyo ni jiko. Ukishalijenga, kiyoyozi si hiari tena. Umewahukumu watakaolitumia miaka hamsini ijayo walipie kosa la mchoro. Umeme ukikatika wote wanatoka nje kujipepea kwa mafaili. Mlango wa lawama uko hapa, kwa mchoraji na mwenye fedha, kabla haujafika kwa anayebonyeza rimoti.

Njia nyingine zipo na zimejaribiwa. Francis Kéré alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika 2001: tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari yenye matundu, na paa la bati lililoinuliwa juu yake ili hewa ya moto ipite katikati na kwenda zake. Wanakijiji mwanzoni walikuwa na mashaka na udongo. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za usanifu. Harare kuna jengo la Eastgate la mwaka 1996, ambalo mchoraji wake, Mick Pearce, aliiga namna kichuguu kinavyopumua.

Ila hayo mashaka ya wanakijiji nisiyaruke. Miaka ya 1940 msanifu wa Misri, Hassan Fathy, alijenga kijiji cha udongo karibu na Luxor, Gourna Mpya, chenye kuba na nyua nzuri za ubaridi, na baadaye akakiandikia kitabu. Wenyeji waliolengwa wengi walikataa kuhamia. Walikuwa na riziki yao pale walipokuwa, juu ya makaburi ya kale, na hakuna aliyewauliza kwa dhati wanataka kuishi vipi. Kwetu, nyumba ya bloku na bati ni cheti. Inasema nimetoka kwenye tope. Mimi niliye na pangaboi na maktaba nikimwambia mtu arudi kwenye udongo kwa faida ya dunia, ananisikia nikimwambia abaki alipo. Jengo la kijani, kama tunavyoliita siku hizi, litakubalika likianzia kwenye nyumba za wakubwa. Wizara ikijengwa kwa udongo ulioshindiliwa na vivuli virefu vya madirisha, fundi wa mtaani ataiga bila semina.

Kikwazo kikubwa kuliko fahari, nadhani, ni LUKU. Anayejenga siye anayelipa. Mwenye nyumba anaokoa fedha kwa kupunguza kimo cha dari, kukata upenu, kuacha bati tupu bila kizuizi cha joto, kisha anapangisha. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, mwezi baada ya mwezi, ili kuliondoa joto ambalo mwingine aliliingiza kwa ubahili. Hapa hatuhitaji kusubiri Kigali nyingine. Kibali cha ujenzi kinachotaka kujua choo kiko wapi na maji taka yanakwenda wapi kinaweza pia kutaka kujua jua la saa tisa linapiga ukuta gani, upepo wa kusi unaingilia wapi na kutokea wapi, mashine ya nje ya kiyoyozi itaelekezwa dirisha la nani. Ni maswali matatu, na yanaingia kwenye fomu ileile. Sehemu kubwa ya miji ambayo watoto wetu wataishi bado ni viwanja vyenye majani na vigingi vya mpima ardhi.